Ahmad bin Majid, Rubani Aliyeipima Bahari

Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, pwani ya Ghuba, mahali palipo leo katika Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Sham, na baba alitunga utenzi wa beti zaidi ya 1,000 juu ya njia za bahari hiyo. Kijana angeweza kuuhifadhi akatosheka. Lakini alisafiri mwenyewe, akapima, na alipoona kosa katika maneno ya baba alilisahihisha, wala hakuona kuwa kusahihisha ni kumvunjia heshima mzazi.

Mwaka 1462 alitunga Hawiya, utenzi wa elimu ya bahari, na karibu na mwaka 1490 kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid. Alitunga pia Sufaliya, juu ya njia ya Sofala, ipitayo katika pwani yetu hii.

Marubani wa zama zake walipima kimo cha nyota ya kaskazini, waliyoiita Al-Jah, kwa vidole juu ya upeo wa bahari. Mwendo waliupima kwa zamu, kila zamu saa 3. Na neno hilo lingali ulimini mwetu. Chombo kikielekea kaskazini sawasawa, nyota ikapanda kidole 1, zilihesabiwa zamu 8. Vidole 2, zamu 16. Vidole 3, zamu 24.

Msomaji aangalie vizuri. Mwenye kuiona jozi ya kwanza peke yake, 1 na 8, aweza kudai kuwa kanuni ni kuongeza 7, na hesabu yake itakubali. Lakini kwa vidole 2 atapata 9, ambapo safari ni zamu 16. Basi kanuni yake imebatilika, na iliyosimama ni kuzidisha kwa 8, nayo jozi ya tatu yaithibitisha. Rubani aliyetosheka na jozi moja aliwahesabia abiria siku chache kuliko zilizowangoja, na maji ya kunywa yakaisha kabla ya bandari.

Tena kila kanuni ina mpaka wake. Chombo kikienda upande, si kaskazini sawasawa, zamu za kupata kidole kimoja huzidi. Na Al-Jah yenyewe hushuka kadiri mtu aendavyo kusini, hata karibu na ikweta hugusa upeo. Mwanafunzi wa Free Area, Nakuru, ambako ikweta haifiki hata digrii moja, haioni ikipanda juu ya vilima. Ndiyo maana marubani wa njia za kusini walishika nyota nyingine, Farqadani na Naashi.

Ahmad bin Majid alifariki karibu na mwaka 1500. Watu wengi husimulia kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Ushahidi hautoshi: waandishi wa Kireno walimtaja rubani wa Gujarat. Basi tusimtie mzigo huo kwa habari moja isiyopimwa, na hali yeye mwenyewe hakukubali hata neno la baba yake mpaka amelipima.

Mwenyezi Mungu amrehemu.