Tom Mboya: Aliyeuliza Mawaziri, Kisha Akaulizwa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliigiza bunge darasani, na wakati wa kugawana kazi kila mtu alitaka kuwa waziri. Waziri anaketi mbele, anaitwa mheshimiwa, na ana gari hata kama ni la kuwaza tu. Kazi ya kuuliza maswali ikakosa mwenyewe. Mimi nikabandikwa hiyo kwa sababu siku hiyo nilichelewa kufika. Ndipo nikaanza kusoma habari za mtu mmoja wa upande wetu huu wa ziwa ambaye alikaa pande zote mbili. Kwanza aliwauliza mawaziri, halafu akawa waziri, akaulizwa yeye. Mtu huyo ni marehemu Thomas Joseph Mboya.

Wazazi wake, mzee Leonard Ndiege na mama Marcella Onyango, walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Lakini Tom hakuzaliwa kisiwani. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Katika kambi za mkonge watu wa makabila mengi waliishi pamoja. Kwa hivyo Tom alikua akisema Kikamba na Kiswahili pamoja na Kiluo cha nyumbani, na jambo hilo lilimfaa sana baadaye.

Alisoma Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Masomo aliyaweza lakini pesa hazikutosha, ikabidi aache shule kabla ya kufika alikotaka. Akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia ofisini, akamkuta Mboya amesimama pale peke yake, akauliza kama hakuna mtu. Hebu fikiria, msomaji! Mtu yuko mbele yako nawe unauliza kama kuna mtu. Nadhani siku ile Mboya alijua kwamba swali laweza kuumiza kuliko kofi.

Hakukaa kimya. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake wakaunda chama chao, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, viongozi wengi walikuwa kizuizini, na vyama vya siasa vya kitaifa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Kwa hivyo chama cha wafanyakazi kikawa ndicho mdomo wa watu. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, ni Mboya aliyekwenda kuwasemea. Baada ya hapo alikwenda kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza.

Sasa tufike bungeni. Baraza la kutunga sheria la Kenya lilianza mwaka wa 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944 tu, naye aliteuliwa na gavana. Waafrika walipiga kura ya kwanza Machi 1957. Walichaguliwa watu wanane. Mboya alichaguliwa Nairobi. Lawrence Oguda alichaguliwa Nyanza Kusini, yaani sehemu zetu hizi za Migori na Homa Bay pamoja na Kisii. Wengine walikuwa Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Bernard Mate na James Muimi.

Hapa ndipo waliponishangaza. Katiba ya wakati ule iliwaruhusu Waafrika kupewa uwaziri. Wale wanane walikataa katakata! Walisema viti vya Waafrika ni vichache mno, na kwamba akiingia mmoja wao serikalini atafungwa mdomo na serikali ile ile anayoipinga. Kumbe walijua kitu ambacho sisi darasani hatukukijua, kwamba anayeuliza ana nguvu zake. Basi wakabaki kwenye viti vya kuuliza. Mwaka huo huo waziri wa makoloni wa Uingereza, Alan Lennox-Boyd, alikuja Kenya, na viti vya Waafrika wa kuchaguliwa vikaongezwa kutoka 8 hadi 14.

Labda msomaji utauliza, swali la bunge lina nini cha kuogopesha? Swali la bunge si kama la sokoni. Mbunge huliandika na kulipeleka kwa karani wa bunge siku kadhaa mbele, ili waziri asipate kisingizio kwamba alishtukizwa. Spika hulikagua. Halifai kuwa na matusi, wala uvumi, wala hotuba iliyojificha ndani ya swali, wala kugusa kesi iliyo mahakamani. Mwenye swali anabeba dhamana ya ukweli wa yale aliyoyaandika. Likipita, linachapishwa kwenye ratiba ya siku hiyo. Siku ikifika mbunge anasimama, anauliza, na waziri anajibu. Hapo ndipo unakuja moto wenyewe, yaani maswali ya nyongeza. Jibu la kwanza waziri ameandikiwa na makarani wake, lakini la nyongeza hakulijua. Hapo ndipo inapoonekana kama anaijua kazi yake au anasoma karatasi tu. Na yote yanaandikwa katika kumbukumbu za bunge neno kwa neno.

Mboya aliupenda uwanja huo. Alisimama mara kwa mara akiitaka serikali ieleze habari za watu waliofungwa bila kuhukumiwa, za mishahara, za elimu na za ubaguzi. Hakupenda kelele. Alikuja na tarakimu, akaziweka mezani moja moja. Hata hivyo alijifunza pia kwamba uhuru wa kusema una mipaka. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake walitoa tangazo nje ya baraza wakiwashutumu Waafrika waliokubali viti maalumu. Walishtakiwa mahakamani na kutozwa faini. Ndani ya baraza maneno ya mbunge yana kinga, lakini nje yeye ni raia kama wewe na mimi.

Mfano mkubwa wa nguvu ya swali ni mambo ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walikufa katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana. Serikali kwanza ilitangaza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Waafrika hawakukubali, wakadai uchunguzi. Uchunguzi ulipofanywa ilijulikana kwamba walipigwa mpaka wakafa. Huko London pia wabunge walimkalia waziri wa makoloni kwa maswali, na Julai mwaka huo hata mbunge wa chama chake mwenyewe, Enoch Powell, alimgeuka. Maji yaligeuka damu kwa sababu kuna watu waliokataa jibu la kwanza.

Mwaka huo huo wa 1959 Mboya alifanya jambo ambalo sisi wanafunzi hatuwezi kulisahau. Alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli, na Septemba wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda vyuo vya huko. Wengine wengi walifuata. Yeye aliyekosa karo aliwatafutia wengine karo.

Mwaka wa 1960 alikuwa katibu mkuu wa KANU, na mwaka wa 1962 kibao kikageuka: akawa Waziri wa Kazi. Yule mtu wa migomo sasa ndiye aliyewaomba wafanyakazi wasigome ovyo. Mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano wa kazini. Baada ya hapo alikuwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, halafu Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Siku hizo waziri alikuwa pia mbunge, akiketi ukumbini pamoja na wanaomuuliza, hana pa kujificha. Mboya alisifika kwa kujibu bila kubabaika, maana naye alijua jinsi swali linavyotengenezwa.

Lakini kusifu tu si kueleza maisha ya mtu. Mwaka wa 1965 wizara yake ilitoa waraka nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulipendekeza fedha za maendeleo zipelekwe zaidi mahali ambapo zingezaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Sehemu zilizobaki nyuma zingengoja. Wabunge wengine waliupinga, na mpaka leo watu wa sehemu kama zetu wanauliza tulingoja mpaka lini. Tena mwaka wa 1966, baada ya Oginga Odinga kutoka KANU, serikali ilipata sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwahukumu, na baadhi ya wapinzani walishikwa. Mboya alikuwa waziri katika serikali hiyo. Yule aliyeuliza mwaka wa 1957 kwa nini watu wanafungwa bila kesi, sasa alikuwa upande wa wanaofunga. Mimi ninampenda Mboya, lakini kama ningekuwa mbunge wakati ule hilo ndilo swali ambalo ningempelekea karani.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa za mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Akapigwa risasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alimwacha mjane, Bi. Pamela, na watoto. Mwili wake ulisafirishwa mpaka Rusinga huku watu wakilia njia nzima, akazikwa katika kisiwa cha wazazi wake. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa na akanyongwa mwaka huo. Basi hilo ni jibu la kwanza. Swali la nyongeza, kwamba ni nani aliyemtuma, halijajibiwa mpaka leo.

Leo kuna barabara yenye jina lake Nairobi, na Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake. Lakini utaratibu wa maswali umebadilika sana. Julai 1974, miaka mitano baada ya kifo chake, Kiswahili kilikubaliwa bungeni. Yeye aliyewasisimua wafanyakazi kwa Kiswahili mikutanoni hakupata kukitumia kumuulizia waziri. Halafu katiba ya mwaka wa 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Siku hizi waziri si mbunge, ila kifungu cha 153 kinamlazimu kufika mbele ya kamati akiitwa na kujibu maswali. Kwa miaka kadhaa walijibu kwenye kamati tu, kisha kanuni za bunge zikabadilishwa na kuanzia mwaka wa 2023 wamekuwa wakifika ukumbini kuulizwa mbele ya wabunge wote. Kiti kimesogezwa, lakini kazi ni ile ile.

Nimalizie na bunge letu la darasani. Nilisimama nikamuuliza waziri wa maji kwa nini sisi tunaoliona ziwa kwa macho tunabeba mitungi kila asubuhi kabla ya kuja shule. Waziri wetu alicheka, akajibu ati serikali inalichunguza jambo hilo. Zamani ningekaa chini. Lakini nilikuwa nimeshasoma habari za Mboya, kwa hivyo nilisimama tena na swali la nyongeza: uchunguzi utaisha lini? Waziri akatazama karatasi yake. Haikuwa na jibu.

Wenzangu, muhula ujao tukigawana kazi, mimi sitaki uwaziri. Mungu ailaze roho ya marehemu Tom Mboya mahali pema peponi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu