Ludwig Krapf: Aliyezika mke na mwana Mombasa asizike tumaini

WANAFUNZI wengi nchini humkumbuka Johann Ludwig Krapf kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na la pili ni mchango wake katika kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili.

Wachache hukumbuka kwamba kazi hiyo yote ilijengwa kando ya kaburi. Krapf hakuwa ametimiza hata miezi mitatu ya makao yake Mombasa alipompoteza mkewe na mtoto wao mchanga katika muda wa juma moja.

Jinsi alivyouchukua msiba huo ndiyo sura ya maisha yake inayostahili kusimuliwa tena, hasa kwa wale ambao wamewahi kurudi nyumbani kutoka makaburini wasijue waanzie wapi.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipata mafunzo ya umishenari mjini Basel, Uswisi, akasomea theolojia Tübingen, na hatimaye akajiunga na shirika la Church Missionary Society (CMS) la Uingereza. Shirika hilo lilimtuma Ethiopia mnamo 1837.

Huko alifanya kazi katika ufalme wa Shoa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1842 alimuoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Tangu mwanzo ndoa yao ilikuwa ndoa ya safari, jua kali na milango iliyofungwa.

Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati wakiwa njiani katika nyika iliyo karibu na pwani ya Bahari ya Sham, akafa muda mfupi baadaye. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Jina hilo lasema mengi kuhusu imani ya wawili hao. Waliamini kwamba mtoto yule alikuwa mikononi mwa Mungu, lakini hawakujifanya kwamba kumpoteza hakukuwauma. Waliliita chozi kwa jina lake, kisha wakaendelea na safari.

Milango ya Ethiopia ilipofungwa, Krapf alianza kutafuta njia ya kuwafikia Waoromo kutokea kusini. Aliwasili Zanzibar Januari 1844, akapokewa na Sultani Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei mwaka huo, Krapf na Rosine, ambaye alikuwa mjamzito, walifanya makao yao Mombasa.

Krapf hakupoteza wakati. Mnamo Juni 8, kwa msaada wa kadhi wa mji huo, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mmishenari wa Kikristo na kadhi wa Kiislamu walikaa pamoja wakitafuta maneno ya kueleza jinsi mbingu na nchi zilivyoumbwa.

Ndipo homa ilipobisha hodi.

Mapema Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa kali, ambayo leo twaijua kuwa malaria, ilimshika yeye na mumewe. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, na dawa zilizokuwapo hazikutosha.

Rosine alifariki Julai 13, 1844. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hoi, hata ilimbidi ajikokote kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba mkewe amekata roho. Kabla hajafa, Rosine aliomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo Wamijikenda na Waoromo wangepita. Alitaka kaburi lake liwakumbushe wapita njia sababu iliyowaleta wageni wale katika nchi yao.

Matakwa yake yalitimizwa. Siku chache tu baada ya mazishi, mtoto naye alifuata, akalazwa kando ya mama yake.

Krapf alibaki peke yake katika mji wa ugenini, mgonjwa, bila mke, bila mtoto, na bila mwenzake hata mmoja wa kazi. Mwenzake wa kwanza, Johannes Rebmann, hangefika hadi miaka miwili baadaye.

Habari alizowaandikia wakuu wake Ulaya zilikuwa za kushangaza. Hakuomba kurudishwa kwao. Aliwaarifu kwamba sasa lipo kaburi la mmishenari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ilikuwa ishara kuwa kazi imeanza. Kwa imani yake, ushindi wa kanisa hupitia juu ya makaburi ya watu wake.

Maneno kama hayo yaweza kusikika makali masikioni mwa mtu aliyefiwa. Hata hivyo, Krapf hakuyatamka akiwa mbali na msiba. Aliyasema huku udongo wa kaburi la mwanawe ukiwa bado mbichi. Kwake, umilele haukuwa mahali pa kukimbilia ili asihisi uchungu, bali kipimo alichotumia kuyapima maisha. Iwapo kifo si mwisho, basi hata kaburi laweza kuhesabiwa miongoni mwa mambo yaliyopandwa.

Alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake. Sehemu ya kwanza ya tafsiri ile ya Mwanzo ilichapishwa Marekani mnamo 1847, na sarufi yake ya Kiswahili ikatoka Tübingen mwaka 1850.

Mnamo Agosti 25, 1846, Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha Rabai. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa, nao walipokezana punda mmoja waliyekuwa naye. Kutoka Rabai, Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 3, 1849 akiwa Ukambani.

Misiba nayo haikukoma. Johannes Wagner, mmishenari kijana aliyekuja kuwasaidia, alifariki 1849 muda mfupi baada ya kufika. Christian Pfefferle alifariki 1851. Waliokubali ubatizo walikuwa wachache mno. Mmoja wa wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Krapf hakuwa mtu asiye na dosari. Alizihukumu kwa ukali mila za wenyeji waliompokea, na ndoto yake ya kujenga vituo kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi haikutimia. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kurejea Ujerumani, ambako baadaye aliishi Korntal. Aliwahi kuoa tena, na mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti walioanzisha kazi Ribe.

Hata hivyo, aliishi kuona baadhi ya matunda. Mnamo 1875, makao ya watumwa waliokombolewa yalianzishwa Frere Town, upande ule ule wa bara alikolala Rosine. Kaburi lililokuwa pweke likapata majirani, na sauti za ibada zikasikika karibu nalo.

Krapf alifariki Novemba 26, 1881 mjini Korntal. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kusali. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata, naye hakuishika mkononi. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mnamo 1891, miaka 10 baada ya kifo chake.

Maisha yake hayamwahidi mfiwa kwamba machozi yatakauka upesi. Mtu aliyemwita mwanawe Chozi hangeweza kutoa ahadi kama hiyo. Yanaonyesha tu kwamba mwenye kutazamia uzima wa milele aweza kulia leo, na kesho akashika kalamu kuendeleza kazi ambayo huenda wengine ndio watakaoimaliza.