Kardinali Stephen Langton: mchungaji aliyeiweka sheria juu ya mfalme

Kila tunapofungua Maandiko Matakatifu na kutafuta sura fulani, tunanufaika na jasho la Stephen Langton, mwalimu wa Paris anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeigawa Biblia katika sura tunazozitumia hadi leo. Hata hivyo, kuna urithi wake mwingine unaostahili tafakari yetu: haki ya raia mbele ya mtawala.

Langton alizaliwa Uingereza katikati ya karne ya 12. Mwaka 1206 Papa Innocent III alimteua kuwa Kardinali, na mwaka uliofuata akamweka wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme John alikataa kumpokea. Kwa sababu hiyo, mwaka 1208 Papa alisimamisha ibada za hadhara nchini humo, na waamini wakateseka kwa miaka sita. Langton aliishi uhamishoni Ufaransa hadi mwaka 1213, mfalme aliposalimu amri.

Aliporejea, alikuta nchi imechoshwa na kodi nzito na haki iliyouzwa kwa fedha. Makabaila walipoasi, Langton alisimama kati yao na mfalme akiwa msuluhishi. Matunda yake yalikuwa Mkataba Mkuu, yaani Magna Carta, uliokubaliwa Runnymede mwezi Juni 1215. Mkataba huo ulilinda uhuru wa Kanisa, ukakataza mtu huru kukamatwa au kufungwa pasipo hukumu halali, na ukamzuia mfalme kuuza, kunyima au kuchelewesha haki.

Hapo ndipo jaribu lake kubwa lilipoanza. Mwezi Agosti Papa aliutangua mkataba, akiona kwamba mfalme ameukubali kwa kushurutishwa. Langton alipokataa kutangaza adhabu ya kuwatenga makabaila na Kanisa, alisimamishwa kazi. Hakulihama Kanisa, wala hakuikana dhamiri yake. Alikwenda Roma, akavumilia, na mwaka 1218 akarudi kwa watu wake.

Mwaka 1225 Mfalme Henry III, mwana wa John, aliutoa upya mkataba huo kwa hiari yake, naye Langton pamoja na maaskofu wenzake wakatangaza kutengwa na Kanisa kwa yeyote atakayeuvunja. Baadhi ya vifungu vyake vingali sheria nchini Uingereza. Langton alifariki dunia mwaka 1228.

Tukumbuke pia kwamba mkataba huo ulimtaja mtu huru, ilhali wakulima wengi wa wakati ule walikuwa watwana waliofungwa katika ardhi ya mabwana zao. Ilichukua karne nyingi haki hiyo kumfikia kila mtu. Leo Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 15, inakataza mtu yeyote kukamatwa au kufungwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Basi, tunapomwona jirani yetu akiwekwa mahabusu bila kufikishwa mahakamani, tusinyamaze. Kumtetea ni sehemu ya wito wetu wa Kikristo.