Maria Montessori na Herufi za Msasa

Msomaji aliyepata kutembea Malindi anajua kuwa Kiitaliano si lugha ngeni mjini humo. Waitaliano walianza kuizoea pwani hiyo kwa wingi baada ya kituo chao cha kurushia satelaiti, San Marco, kujengwa Ngomeni katika miaka ya 1960, na hata wauza vinyago wa ufuoni hukizungumza. Lakini Mwitaliano ambaye jina lake limeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi za chekechea nchini Kenya hakupata kuikanyaga pwani hiyo.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, karibu na Ancona, tarehe 31 Agosti 1870. Alisomea udaktari katika enzi ambapo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume, akahitimu Roma mwaka 1896. Kazi ikamkutanisha na watoto waliodhaniwa kuwa na taahira, ambao walifungiwa pamoja na wendawazimu. Akasoma maandishi ya madaktari wa Kifaransa, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushikwa na kupangwa, na baadhi ya watoto hao wakafaulu mitihani ya kawaida. Watu waliposhangilia, yeye alijiuliza shule zilikuwa zikiwafanyia nini watoto wazima hata wasiwapite hao.

Mwaka 1898 alimzaa Mario nje ya ndoa. Waandishi wengi hulipita jambo hili kwa haraka. Mtoto alilelewa na watu wengine mashambani, na mama alimtembelea tu. Mwanamke ambaye angewatumikia watoto wa ulimwengu alinyimwa na desturi za zama zake nafasi ya kumlea wake.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma. Wenye majumba walitaka tu watoto wasiachwe kukwaruza kuta wazazi wakiwa kazini. Yeye akaleta viti na meza za kimo cha mtoto, akaweka vifaa mahali mkono mdogo unapofika, akamwacha kila mtoto achague kazi yake na kuirudia hadi atosheke. Mwalimu alikuwa mtazamaji zaidi kuliko msemaji. Leo vifaa hivyo huuzwa ghali, na shule iliyobuniwa kwa watoto wa maskini aghalabu imekuwa ya wenye uwezo, ingawa vifuu, makombe na mchanga wa Kilifi vingeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ile ile.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, jambo zito zaidi ni herufi. Montessori alikata herufi kutoka karatasi ya msasa. Mtoto alizipapasa kwa kidole huku akitamka sauti zake, wala si majina yake. Baada ya muda watoto walianza kuandika kabla hata ya kusoma. Njia hiyo ilizaliwa ndani ya Kiitaliano, lugha ambayo, kama Kiswahili, ina irabu zisizoyumba na tahajia inayofuata matamshi. Mtoto wa Malindi akijua sauti za m, a na i, ameshaandika mama, mimi na mai. Sera ya elimu nchini Kenya inataka mtoto aanze kwa lugha ya eneo lake. Hata hivyo, shule nyingi za kulipia humwanzisha kwa Kiingereza, ambamo herufi a pekee ina sauti kadhaa. Kuliweka jina la Montessori kwenye bango na kuiacha lugha rahisi mlangoni ni kinyume cha mambo.

Sifa zilimletea pia marafiki wabaya. Kuanzia mwaka 1924 Mussolini alizifadhili shule zake, naye akaupokea ufadhili huo kwa takriban miaka kumi. Hapa hatuwezi kumsafisha. Walipokosana, shule zikafungwa mwaka 1934, naye akahama. Mwaka 1939 alikwenda India pamoja na Mario kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, Waingereza walimfunga Mario kama adui, kisha wakamwachilia mwezi Agosti, mama yake alipotimiza miaka 70. Waliendelea kuishi huko hadi mwaka 1946, na walimu zaidi ya elfu moja wakapita mikononi mwao.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 81. Siku hiyo alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya kwenda Gold Coast, Ghana ya leo, kufundisha walimu wa Kiafrika.