Tabibu Denis Burkitt na Maradhi ya Matumbo

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni, miwani yake ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea. Juu ya hayo alijifunza utabibu mjini Dublin, akafuzu mwaka 1935, kisha akahitimu upasuaji mjini Edinburgh mwaka 1938. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa ajili ya jicho lile. Baada ya vita, mwaka 1946, alipokewa Uganda, akawekwa Lira, na baadaye akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Jina lake lilienea kwanza kwa saratani ya mataya ya watoto, aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Lakini liko jambo la pili, nalo lamhusu kila mwenye tumbo. Wanavijiji wa Uganda walipasuliwa kwa utumbo uliojisokota au ngiri iliyonasa. Ama uvimbe wa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza, kwao yalikuwa nadra. Je, tofauti hii ilitoka wapi?

Aliporejea Uingereza katika miaka ya 1960 hakuliacha swali hilo, bali aliziandikia hospitali nyingi za Afrika kuuliza habari za wagonjwa wao. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao: chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa kadiri ya siku moja na nusu, na cha Waingereza waliopimwa kilizidi siku tatu. Sababu waliyoitaja ni nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga, ambazo hushika maji na kulainisha choo.

Wataalamu waliomfuata hawakukubali kila alilosema, kwani maradhi hayo yana sababu nyingine pia. Lakini imethibiti kwamba walao nafaka zisizokobolewa hupatwa kwa uchache na saratani ya utumbo mpana.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 82. Mpasuaji huyu aliwafundisha watu kukiepuka kisu. Basi utumbo uliojisokota na ngiri iliyonasa haviwezi kungoja. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Ama saratani ya utumbo mpana, kinga yake huweza kuanzia jikoni, na mwenye ugali wa ulezi na maharagwe, awe Kikagate, Nakivale au Mbarara, asikidharau chakula chake.