Foé, moyo uliozima dakika ya 72

Shabiki wa soka la miaka ile hahitaji kutambulishwa kwa Marc-Vivien Foé. Jamaa alizaliwa Yaoundé, Cameroon, Mei 1, 1975, akang'ara na Canon ya hapohapo hadi Lens ya Ufaransa ikambeba. Kiungo mkabaji, mrefu, pumzi haziishi. Mwaka 1998 Manchester United walimtaka, akavunjika mguu. Dili likafa na Kombe la Dunia likampita. Akainuka. Akapita West Ham, akatwaa ubingwa wa Ufaransa na Lyon, na makombe mawili ya Afrika, 2000 na 2002. Msimu wa 2002/03 akiwa Manchester City kwa mkopo alifunga mabao 9, likiwamo la mwisho la City pale Maine Road. Kwa namba sita, si haba.

Juni 26, 2003, mjini Lyon, Cameroon ilikuwa inaongoza 1-0 dhidi ya Colombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72 Foé akaanguka katikati ya uwanja. Hakuna aliyemgusa. Madaktari walihangaika naye kama dakika 45, ikashindikana. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa kwanza haukutoa jibu. Wa pili ulikuta misuli ya moyo imenenepa kupita kawaida, tatizo ambalo mara nyingi hurithiwa na hukaa kimya miaka mingi.

Kombe la Dunia 2006 FIFA ikaweka utaratibu wa wachezaji kupimwa moyo kabla ya mashindano. Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka hivyohivyo Juni 12, 2021, alikandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine, na akarudi kucheza.

Uwanja wa kijijini, tuseme Dindira kule Korogwe, mashine hiyo itoke wapi? Mikono ipo. Mtu ameanguka bila kuguswa, haitiki, hapumui vizuri: kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wengine watafute gari. Kummwagia maji ni kupoteza muda. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe umeme wa moyo kabla ya ligi. Maveterani wa bonanza nao wasijitoe: ukivuka miaka 35, chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo kuziba, na presha, kisukari na sigara ndivyo vinavyoisukuma huko. Presha hupimwa hata zahanati.

Siku tatu baada ya msiba Cameroon walicheza fainali, wakafungwa 1-0 na Ufaransa. City waliistaafisha jezi yake, namba 23.