Robert Koch na malale ya Ziwa Victoria: maumivu ya kichwa yasiyopaswa kupuuzwa

Msikilizaji, kichwa kikikuuma unafanya nini? Wengi wetu humtuma mtoto dukani alete dawa ya maumivu, tunameza, kisha tunarudi shambani. Mara nyingi maumivu huisha. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, kando ya Ziwa letu la Victoria, kichwa kisichoacha kuuma kiliweza kuwa mwanzo wa malale, ugonjwa ulioua watu wengi sana. Leo tunamkumbuka daktari mmoja aliyekuja kuutafiti.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara kubwa. Alianza na hadubini yake nyumbani. Mwaka 1876 alionyesha kijidudu kinacholeta kimeta. Machi 24, 1882 alitangaza kuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Somo lake kubwa lilikuwa hili: usibahatishe. Tafuta kwanza kinachosababisha ugonjwa, ndipo utibu.

Mwaka 1906 Koch alikuja Afrika Mashariki. Alifika Mwanza, lakini wagonjwa wa malale walikuwa wachache huko, akavuka hadi visiwa vya Ssese, Uganda, ambako watu walikuwa wakifa kwa wingi. Upande wetu, huko Kiziba kaskazini mwa Bukoba, walikuwepo waliougua baada ya kwenda Uganda. Kambi ya wagonjwa ilijengwa Kigarama.

Malale huenezwa na mbung'o. Mgonjwa huanza na homa, kichwa kuuma na mara nyingine tezi za shingo kuvimba. Baadaye vijidudu huingia kwenye ubongo. Mtu hubadilika tabia, husinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Asipotibiwa, hufa.

Koch aliwatibu wagonjwa kwa sindano ya Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Baadhi walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Akaongeza dozi. Matokeo yake, wagonjwa 22 wakawa vipofu moja kwa moja. Walikuwa wamekuja kutafuta uzima. Ndipo dozi ikapunguzwa.

Koch aliondoka mwaka 1907, akafariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden. Ametuachia elimu kubwa, na pia onyo: dawa isiyo na kipimo huumiza.

Siku hizi malale ni nadra na zipo dawa bora zaidi, zikiwemo za kumeza. Hata hivyo, ukiumwa na mbung'o, tuseme katika pori la Burigi-Chato linalofika hadi Muleba, kisha ukapata homa na kichwa kuuma, mweleze mhudumu wa afya kwamba ulikuwa porini.

Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na malale. Yapo ya uchovu, mawazo, njaa au kukosa maji. Haya hubana kichwa pande zote na hutulia ukipumzika, ukila na kunywa maji. Kipandauso hugonga, mara nyingi upande mmoja, huku ukichukia mwanga na kusikia kichefuchefu. Malaria huja na homa, kwa hiyo pima kabla ya kunywa dawa. Na anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe.

Nenda kituo cha afya au hospitali haraka, usisubiri kesho, ukiona dalili hizi:

- Maumivu makali yaliyoanza ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata.
- Homa na shingo kukakamaa. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.
- Degedege, kuchanganyikiwa, au kusinzia kusiko kwa kawaida.
- Mkono au mguu kuishiwa nguvu, mdomo kwenda upande, au maneno kutotoka vizuri.
- Kichwa kuuma baada ya kuanguka na bodaboda au kugongwa.
- Mama mjamzito kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, au kuvimba uso na mikono. Inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakaribia.

Na kichwa kinachouma wiki baada ya wiki, kikizidi, nacho kipelekwe kwa daktari hata kama bado unaweza kulima. Ukifika, sema kilianza lini, kinauma wapi, na umemeza dawa gani. Maelezo hayo humsaidia daktari kujua chanzo kabla ya kukuandikia dawa.